Baba na Jioni ya Wiski za Kanada

4 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za goti lako, nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kila jioni Baba akirudi kazini, mimi ndiye ninayempokea mkoba mlangoni. Watu husema nina adabu. Si adabu. Huwa nanusa pumzi yake. Tangu aache pombe, sijakosa hata jioni moja.

Sasa, goti vipi? Sisi wazima. Kitinda mimba wetu ameng'oka meno ya mbele, anaonyesha pengo kwa kila anayepita.

Ninaogopa, Shangazi. Meneja wa hoteli anakofanya kazi amemwambia Baba aongoze jioni ya kuonja wiski za Kanada. Kila mgeni atakuwa na glasi sita mbele yake, na Baba atazieleza moja baada ya nyingine. Ni kweli hakuna mhudumu wa baa anayezijua kama yeye. Lakini unajua alizijuaje. Unakumbuka mwaka ule Mama alipofunga nguo zetu kwenye shuka tukaja kukaa kwako. Alisema Baba akirudia, ataondoka moja kwa moja. Na Mama hana maneno ya mzaha.

Ubaya zaidi, Baba ameniomba nimsaidie kusoma. Ananiita Profesa. Nimempekulia maktaba nzima ya shule: kwamba sheria ya kule inataka wiski ikae kwenye mapipa ya mbao miaka isiyopungua mitatu; kwamba wenyewe wamezoea kuiita rai, jina la nafaka moja, hata pale ambapo mahindi ndiyo mengi zaidi. Baba anafurahi kama mtoto. Mimi naona kama namsukuma mtoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Nifanyeje?

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, limekuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Barua yako nimeisoma nimesimama wima, kwa hiyo ujue imenigusa.

Kwanza, hiyo kazi ya kunusa nani alikuajiri? Si kazi ya mtoto. Pili, mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, na hata mimi sijawahi kumuuliza kama bado anaitamani. Tunamzunguka kama sufuria ya moto. Mama yako ananyamaza, mimi nanyamaza, wewe unanusa. Halafu tunasema tunampenda.

Muulize, mama. Usimtege, wala usimlilie. Najua wewe hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani unaona haya. Basi tafuta njia yako. Kuhusu wiski usinitegemee. Ujuzi wangu wote ni wa kumwaga chupa zake kwenye sinki.

Shangazi yako

18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mpangaji wako ametulia. Nimeuliza, ila sijui kama nimefanya vizuri.

Juzi Baba alifanya mazoezi nyumbani. Alipanga glasi sita mezani, akazijaza chai ya rangi, nyingine nzito, nyingine nyepesi kama maji ya kusuuzia kikombe. Mimi na kitinda mimba tukawa wageni. Mama alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akikunja nguo.

"Mabibi na mabwana," Baba akaanza, "msinywe kwanza. Inuseni. Hii ya kwanza ina harufu ya sukari iliyoungua kidogo."

"Hii ni chai," kitinda mimba akasema.

"Mgeni huyu ameshalewa, atolewe nje!"

Hata Mama alicheka.

Anajua kweli, Shangazi. Alieleza kwamba kule mara nyingi wiski ya kila nafaka hutengenezwa peke yake, kisha ndipo zinachanganywa, na kwamba ya tatu ni laini kwa ajili ya mahindi, na ya tano ina ukali wa pilipili manga kwa ajili ya rai. Sijawahi kumsikia akiongea vizuri hivyo. Alipouliza kama kuna swali, nikanyoosha mkono. Kwa kuwa nilikuwa mgeni tu, si mimi, maneno yakatoka:

"Bwana mwongozaji, na wewe utakunywa ngapi?"

Mama akaacha kukunja. Baba alinitazama, kisha akazitazama glasi. Alizibeba moja moja, akazimwaga, akatoka nje. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Jumamosi ndiyo jioni yenyewe.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Jumamosi imepita, na Jumapili imepita. Kila pikipiki ikisimama hapa nje nadhani ni mama yako na lile shuka. Nimeshatandika vitanda viwili. Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako

28 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe sana, mitihani ilianza Jumatatu. Tandua vitanda. Tuko sote nyumbani.

Jumamosi mchana Baba alipiga pasi shati lake, kisha akamwambia Mama, "Vaa twende wote. Kuna mgeni aliniuliza swali nikakosa jibu. Nikiwa peke yangu pale, sijui nitajibu nini."

"Mimi nikafanye nini kwenye mapombe yenu?"

"Kaa tu mahali nitakapokuona."

Mama alivaa haraka hata akasahau hereni moja.

Nilibaki sebuleni na kitabu, nikijiapiza kuwasubiri. Usingizi ukanipitia. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, nimefunikwa blanketi, na jikoni Mama alikuwa akicheka. Si kile kicheko chake cha wageni. Nilisimama mlangoni, akanivuta nikae, akanisimulia.

Baba alimimina, akanusa, akaeleza, akaiweka glasi chini. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kwenye ya nne alichelewa kuiweka glasi chini, Mama akaona. Hapo hapo mzee mmoja mwenye kitambi akapaza sauti: "Mbona wewe huonji? Au umetutilia sumu?" Watu wakaanza kumchagiza aonje. Baba alimtafuta Mama kwa macho, akamwona, akasema, "Mzee wangu, mimi fungu langu nililimaliza zamani, nikanywa na la majirani. Hili lililobaki ni lenu." Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mzee aliinuka akampa mkono, na hakuna aliyemsumbua tena. Wiski zote sita za Baba zilirudi jikoni mwa hoteli kama zilivyotoka.

"Mpaka naondoka nilikuwa nimebana pumzi," Mama akasema. "Mbavu zinaniuma mpaka sasa."

Muda wote huo Baba alikuwa anapaka mkate siagi. Halafu akanigeukia.

"Profesa, bado naitamani. Si kila siku, lakini naitamani. Jana niliitamani sana. Siku nyingine ukitaka kujua, niulize tu, nitakujibu."

"Sawa, Baba," nikasema. Alikuwa karibu kabisa nami, lakini sikumnusa.

Nilikunywa chai, nikaosha vyombo, nikafua sare yangu ya shule na kuianika. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga pazia, nikalala tena mpaka saa nane mchana.

Mwanao