Kuni za Lucien na Kitanda cha Baba

Dada yangu Verna,

Pokea salamu kutoka huku Maine, ambako theluji imefika madirishani na kaka yako bado anasimama kwa miguu yake. Goti lako linaendeleaje? Na mwanao Corinne, ujauzito unamruhusu kulala?

Barua yako nimeipata. Unataka kile kitanda cha kubembeza mtoto alichotengeneza Baba kikufikie kabla Corinne hajajifungua mwezi wa tatu. Nimekusikia.

Kwanza nikupe habari zangu. Nimejifunza useremala kwa kuni, bila mwalimu. Mbao za dukani zina bei ya kumliza mtu, lakini Lucien, muuza kuni wetu, huniletea kuni za miti ya mwaloni na mcheri gari zima kwa bei ya chakula cha mbwa. Tena kuni zina siri: ukiharibu kazi unaitia motoni, ushahidi umekwisha. Lucien aliponiona nazipindua moja moja aliuliza, mzee, unachagua kuni au mchumba? Nikamwambia mchumba ningechukua hata aliyepinda.

Kisanduku cha kwanza nilikichonga kwa kuni mbichi, nikakilaza karibu na jiko kama paka. Asubuhi kifuniko kilikuwa kimejikunja na kupasuka. Siku hizi natoa za chini ya rundo, zilizokauka misimu miwili. Cha kumi na nne kilifunga sawasawa. Jirani yangu Bi. Eunice alikizungusha mara tatu akitafuta kasoro, akasema kwa masikitiko kwamba haioni.

Sasa Verna, kaa chini. Kitanda cha Baba hakipo. Mwaka ule barafu ilipoangusha nyaya za umeme, nilikuwa nimeweka kuni chache kwa uvivu wangu. Siku ya tano zikaisha, na Bi. Eunice, aliyekimbilia kwangu kuota moto, amekaa jikoni, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Nilikikata kwa mkono wangu, nikakitia motoni. Kila ulipokiulizia nilikujibu kipo darini, salama. Nilikudanganya.

Kipya kiko hapa mezani. Kuni ni fupi, kwa hiyo kila ubao nimeuunga kwa vipande vitatu, na ukikitazama kwa hasira utaviona vyote. Nilikipakia mfuko wa unga nikakisukuma. Kikabembea bila kulia. Si cha Baba. Ukikikataa nitaelewa. Ukikikubali, niandikie urefu wa godoro, maana ubao wa miguuni nimeufunga kwa kamba tu, gundi inakusubiri wewe.

Corinne usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Msalimie mumeo, hata kama hatajibu.

Ni mimi kaka yako, mwenye kosa na vumbi la mbao masikioni,
Harland