Kasuku Aliyemchagua Wifi Yangu

Ijumaa. Hapa Cardiff, Uingereza, mvua ya rasharasha inanyesha tangu alfajiri. Magoti yananiuma, na moyo wangu leo si mzuri.

Kila Ijumaa baada ya sala, Mwanakombo hunipigia simu kutoka Jomvu Kuu. Ni mjane wa kaka yangu Salim. Leo, katikati ya habari za wajukuu, akacheka ghafla: "Wifi, bado wanionea gere kwa yule kasuku?"

"La! Kwa lipi, wifi yangu? Tushakuwa vikongwe."

Nimesema uongo, tena siku ya Ijumaa.

Kasuku alikuwa wangu. Hilo nataka niliandike kwanza. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru, nami ni mwalimu kijana, nakaa Likoni kwa kaka na mkewe. Mzungu mmoja jirani wa shule alirudi kwao, akamwacha ndege stoo ndani ya tundu lililoshika kutu. Nilimkuta amejinyonyoa kifua chote, ngozi yaonekana. Nikambeba kichwani pamoja na tundu lake, na wanawake wa njiani wakiniuliza kama hiyo ndiyo mahari yangu.

Nilisoma kitabu kizima juu ya ndege wa kufugwa. Kila alasiri nilikaa mbele ya tundu, karanga kiganjani, nikimwita kwa sauti ya chini. Miezi mitatu. Alichonipa ni kovu la kidole, ninalo mpaka leo.

Kaka akirudi kutoka kazini bandarini, husimama mlangoni: "Hodi! Kuna watu, au kuna kasuku tu?" Sisi hucheka. Ndege kimya, ameelekea ukutani.

Kisha Salim akashikwa na homa. Siku ya nne tukamzika.

Mwanakombo akakaa eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, chumbani. Wanawake walikuja mpaka kutoka Magogoni kumpa pole, wakamshika mikono, wakalia naye. Mimi niliwakorogea uji. Nilikuwa ndugu wa tumbo moja na marehemu, lakini msiba ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala.

Nyumba ilijaa wageni, nikamhamishia kasuku chumbani mwa wifi, penye utulivu. Nilifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwanakombo hakuwa na karanga. Hakumwita, hata kumtazama hakumtazama. Alikaa tu mkekani, mgongo ukutani, tasbihi mkononi, siku baada ya siku, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mlango wa tundu aliuacha wazi. Alisema wa kufungiwa mle ndani atosha yeye.

Siku moja natoka shuleni, nikafunua pazia. Kasuku yuko gotini pake, macho nusu kayafumba, anauchezea ushanga wa tasbihi. Halafu akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya kaka yangu, yenyewe kabisa:

"Hodi! Kuna watu?"

"Tuko. Karibu," Mwanakombo akajibu polepole.

Nilihisi nimefiwa mara ya pili, na safari hii nimeibiwa.

Eda ilipokwisha, nduguze walikuja kumrudisha kwao Jomvu Kuu. Katika nyumba nzima aliomba kitu kimoja. "Wifi, nipe huyu tu."

Nikamjibu mbele ya watu: "Ndege ni wangu. Nenda na vyombo vyako."

Nikabaki naye, nikingoja anitolee sauti ya kaka. Nilikaa kama alivyokaa Mwanakombo, mkeka uleule, ukuta uleule. Nilishika hata tasbihi, Mungu anisamehe, bila kumtaja Mungu. Ndege hakutamka neno. Wiki ya tatu akaanza tena kujinyonyoa.

Nikambeba hadi Jomvu Kuu: feri, basi, kisha miguu. Mwanakombo hakunilaumu. Alifungua tundu, akakaa kitako akimpa mgongo, na ndege akatoka akampanda begani. Nikakataa chai. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa makuti niliposikia nyuma yangu: "Hodi! Kuna watu?"

Nilisimama.

Sikurudi.

Yule ndege aliishi kwake zaidi ya miaka thelathini. Miaka thelathini ya sauti ya Salim, jikoni, kila siku. Mimi nimehama nchi mbili, na mahali fulani njiani sauti ile ikanipotea. Maneno ninayo, sauti sina. Hiyo ndiyo gere yangu. Ndege nilishamsamehe zamani.

Ijumaa ijayo sitangoja habari za wajukuu. Nitamwomba Mwanakombo aniigizie sauti ya Salim. Ataweza, ameisikia kuliko mtu yeyote aliye hai.

Naye akiniita kwa sauti ile, "Hodi! Kuna watu?", je, safari hii nitaitika?