Shingo ya Kamene

Ijumaa, saa nane mchana.

Ni ile baridi ya Julai ya Machakos, inaingia kwa mikono ya sweta na haitoki. Ukungu umekalia milima tangu asubuhi. Nimelala kitandani na viatu, nimeamka, nimekunywa chai, nimelala tena. Nimefua soksi ambazo zilikuwa safi.

Siwezi kutulia.

Kwa wale wanaopita hapa mara ya kwanza: naitwa Mwikali, nasomea ujenzi, mwaka wa tatu, na mimi ndiye kapteni wa timu ya raga ya wanawake ya chuo chetu. Ndiyo, wanawake. Ndiyo, raga. Mama yangu pia alishtuka, baadaye akazoea. Kesho saa nne asubuhi tunacheza nusu fainali, hapa hapa uwanjani kwetu.

Nacheza namba nane. Kwenye skramu watu wanane wetu wanashikana na kusukumana na wanane wao, mpira uko chini katikati ya miguu, na mimi nakaa nyuma kabisa. Mpira ukinifikia nauokota, nachomoka upande wa kulia, nakimbia. Hiyo ndiyo timu yetu, hatuna hesabu nyingine. Mwalimu Mutua, kocha wetu, anaiita "okota uende", na kwa misimu miwili imetutosha.

Watu wananijua kwa hizo mbio. Kuna mama mboga pale sokoni ananiita Gari, ananiongezea dania bure. Nami kichwa kikavimba, tena si kidogo.

Ukweli ni kwamba zile mbio zilikuwa za Nduku.

Nduku alikuwa namba tatu, propu wetu, yule wa mbele upande wa kulia anayebeba skramu nzima kwa mabega na shingo. Alikuwa anainama, anavuta pumzi moja, halafu upande ule wote wa wapinzani unarudi nyuma kama mlango unaofunguliwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kupita. Nikifunga, ninapigwa picha. Nduku bado yuko chini anatoa matope masikioni, na sikumbuki hata siku moja nikirudi kumsaidia kuamka.

Alimaliza masomo mwezi wa nne, akapata kazi Athi River, kiwanda cha nguo kule EPZ. Siku ya kuagana alinifinya shavu akasema, "Sasa ndio utajua kukimbia." Nilicheka sana. Mechi ya kwanza bila yeye, kila nilipookota mpira nilikutana na mtu uso kwa uso kabla ya hatua ya pili. Jioni hiyo nilikuwa na alama za viatu hadi mgongoni.

Mwalimu Mutua akaniambia, "Wewe ndiye utakimbia nyuma yake, kwa hivyo wewe ndiye utamtafuta." Basi nikaanza kutafuta. Niliangalia wasichana wa chuo hiki vile watu huangalia ng'ombe mnadani, naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kamene nilimpata bombani. Maji yalikuwa yamepotea hostelini wiki nzima, tukawa tunateka kule chini karibu na jikoni. Sisi wengine tulikokota mitungi ya lita ishirini tukipumzika kila hatua kumi. Huyu msichana wa mwaka wa kwanza, mtu wa Katangi huko Yatta, akatoa mukwa kwa begi, ile kamba pana ya kubebea mizigo. Akaufunga mtungi mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso, akapanda mlima bila kusimama. Halafu akarudi akabeba wangu.

Wuui, nilivyofurahi! Nimekua nikimwona nyanya yangu akipanda hivyo na mzigo wa kuni unaomzidi yeye. Nikajiambia, shingo hii imebeba maji ya Yatta tangu utotoni, skramu itaifanya nini? Nikaona nimemaliza kazi.

Hilo ndilo kosa langu. Mtu wa mahali pengine hangelifanya, maana hangejua mukwa ni nini.

Safu ya mbele si mahali pa kujaribia watu. Kabla ya mechi kuna fomu: kapteni anaandika majina ya watakaocheza mbele, kocha anaweka sahihi kwamba wamefunzwa. Timu ikikosa mtu aliyefunzwa, mwamuzi anaamuru skramu isiyosukumana. Watu wanashikana tu, mpira unaingia, mpira unatoka, hakuna anayeumia. Ni sheria nzuri. Lakini sisi itatumaliza, kwa sababu kama hakuna anayesukumwa nyuma, mimi sina pa kupitia.

Wakati huo Mwalimu Mutua alikuwa safarini. Akanipigia simu kuniuliza kama huyo msichana amewahi kucheza mbele. Nikasema, "Ndiyo mwalimu, sekondari." Sikumeza hata mate. Kamene alikuwa hajawahi kugusa mpira wa raga maishani mwake. Mwenyewe nilimwambia kwamba mwalimu akimuuliza, aseme alicheza kidogo, na yeye, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akasema sawa kapteni.

Na niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Kesho kuna mama anakuja kutoka klabu moja ya Nairobi. Anatafuta namba nane. Anakuja kuniona mimi. Nimelijua jambo hili wiki tatu sasa, na wiki hizo tatu ndizo nimekuwa nikidanganya.

Kamene anajifunza haraka, ana nguvu za kutisha, na ana tabia moja ambayo imekataa kutoka: anaangalia chini. Kwenye skramu kichwa kinakaa juu, kidevu mbali na kifua, mgongo umenyooka. Ukikiinamisha na uzito wote ule ukakuangukia, shingo inakunjika vibaya. Lakini mukwa unafundisha kinyume. Ukibeba unainama, unasukuma kamba kwa paji la uso, unatazama pale unapokanyaga. Amefanya hivyo tangu akiwa mdogo. Mimi nimempa wiki tatu.

Jana mazoezini skramu ilianguka. Wote wakaamka, Kamene akaamka wa mwisho, akikung'uta mkono wa kulia. Nikamuuliza kama ameumia. "Zii, mkono umelala tu," akasema, akacheka. "Tuendelee." Mwalimu alikuwa upande ule mwingine na wale wa nyuma, hakuona. Mimi niliona.

Nikasema tuendelee.

Leo tumekula githeri meza moja. Kamene ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala mapajani. Kamene si mashoto. Alinikuta namwangalia, akatabasamu, akasema, "Kapteni, kesho wewe kimbia tu. Mimi niko."

Nimetoka pale nikampigia Nduku, akiwa kwa mapumziko ya mchana kule kiwandani. Nikwambie ukweli, ewe ukurasa, sikumpigia kutaka ushauri. Nilitaka aniambie hiyo ni kawaida ya mapropu. Hakuniuliza hata habari ya mechi.

"Anaangalia chini?"

"Kidogo."

"Mwikali."

"Ndiyo. Anaangalia chini."

"Na mkono umekufa ganzi?"

Nikamwambia habari ya kijiko.

"Wee! Unajua nilikaa benchi mwaka mzima nikifundishwa kuinama tu? Mwaka mzima! Wewe ulikuwa unaona nikisukuma. Mtoe huyo mtoto wa wenyewe, na umtoe leo." Akakata, kengele yao ilikuwa imelia.

Mwaka mzima. Tulikuwa timu moja, tunalala chumba kimoja, na sikuwahi kujua alikuwa anafundishwa nini kwenye ile kona ya uwanja. Nilidhani alizaliwa hivyo. Labda ndiyo sababu nilidhani na Kamene amezaliwa hivyo.

Tangu hapo nimejipa sababu zote. Pengine ni ganzi ya kawaida. Pengine alilalia mkono. Mwamuzi atakuwepo, ataona mwenyewe. Ni mechi moja tu, dakika themanini, akimaliza hiyo nitamwambia apumzike hata mwezi. Nimefika mlangoni kwa Mwalimu Mutua mara mbili. Mara ya kwanza nimemuuliza kama jezi zimekauka. Mara ya pili nimemuuliza tena kama jezi zimekauka, akaniangalia vizuri sana.

Mimi naogopa. Ndio hivyo, nimesema. Naogopa yule mama wa Nairobi aje anikute mchezaji wa kawaida. Naogopa zaidi kwamba huenda nimekuwa wa kawaida siku zote.

Basi. Naenda. Mkiona sijaandika tena hapa, mjue nimerudi kumuuliza habari ya jezi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nimemkuta Mwalimu Mutua akipiga mipira pampu. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama: sekondari ya uongo, yule mama wa Nairobi, mkono, kijiko. Aliendelea kupiga pampu hadi nilipofika kwenye kijiko, hapo akaacha.

"Hiyo fomu nimeweka sahihi mimi," akasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Tukamchukua Kamene kwa gari la mwalimu hadi hospitali ya mjini. Nimekaa kiti cha nyuma, naona kisogo cha Kamene na vile anavyojizuia barabara ikiwa na mashimo. Tumengoja sana. Daktari wa zamu akamwambia afinye vidole vyake, mkono huu, halafu huu. Hata mimi nilikuwa naona tofauti. Akampeleka picha ya eksirei. Mfupa haujavunjika, mshipa wa neva umevutwa vibaya pale shingoni. Amevalishwa kola ya shingo, hakuna mazoezi hadi apimwe tena. Daktari akauliza mechi ilikuwa iwe lini. Mwalimu akasema kesho. Daktari akavua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa.

Tukirudi mwalimu aliniambia ataandika fomu mpya. Skramu haitasukumana. "Yule mama wa Nairobi atakukuta umesimama hapo nyuma kama mlingoti," akasema. Nikasema najua. "Na ukapteni tutauongea Jumatatu." Nikasema sawa, mwalimu. Nilidhani hayo yangeniuma zaidi kuliko yalivyoniuma. Nilikuwa nimekwishachoka.

Tulipoachwa peke yetu kwenye benchi nje ya hosteli ndipo Kamene aliniuliza.

"Hiyo kitu ya kufunzwa. Ulijua ni lazima?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya bomba."

Alifikiria kidogo. Kamene ni mtu wa kufikiria kabla ya kusema, si kama mimi.

"Mimi nilidhani umeniona," akasema. "Kapteni mzima, watu wako wengi pale, unakuja kwangu. Nikapigia mama nikamwambia huku nimeonekana. Kumbe ulikuwa unatafuta pa kupitia."

Nilianza kulia, na hata hilo nililionea haya, maana aliyevaa kola ni yeye. Nikamwambia pole. Nikaisema tena, na mara ya tatu nikaona haina kazi, nikaacha.

Halafu akaniambia mama yake yuko hapa mjini. Ametoka Katangi leo mchana, analala kwa dada yake ili kesho asichelewe. Hajui raga ni nini, anajua tu mtoto wake anacheza mbele. Amevalia gauni la kanisa, amepiga picha akatuma. Hakuna aliyemwambia lolote.

Nikasema niachie mimi, nitamwambia.

Kamene hawezi kugeuza shingo. Ikabidi ageuke mwili mzima pale kwenye benchi ndipo anione usoni.

"Mwambie kwa Kikamba," akasema. "Na umwambie yote. Usianze na kwamba niko sawa."

Akaingia ndani.

Mama yake atafika langoni saa tatu asubuhi. Tangu nikae hapa napanga sentensi ya kwanza, nafuta, napanga tena. Kila ninayoandika inaanza na kwamba yuko sawa.