Moshi Unaopita Majini

Mdogo wangu Limi,

Shikamoo yako imefika hapa Geita, marahaba. Kulwa wangu ameota jino.

Umeuliza kama shisha ya wenzako hapo chuoni haidhuru, maana moshi unapita majini. Bibi yetu wa Samuye, mvutaji wa kiko cha kibuyu chenye maji, alisema hivyo hivyo: "Maji yanauosha, mjukuu wangu."

Mchana mmoja nilimkuta amelala, nikasikia maji ya kiko yanatokota. Nikatazama. Kiko kilining'inia ukutani, kikavu. Sauti ilitoka kifuani mwake. Nikamwamsha.

"Mbona umeogopa?" akacheka.

Sikuweza kumwambia.

Wewe nakwambia mapema, maana hukuuliza bure, umeshaonja. Sikugombezi. Acha tu, mama, kifua chako bado kinalala kimya.

Dada yako,
Mama Kulwa