Matone ya Siku Tatu

Chumba cha Kushona,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Shemeji na wanao hawajambo? Sisi tunaendelea, ila mimi ni mzima nusu. Uniwie radhi mistari ikipanda na kushuka. Naandika kwa jicho moja.

Mwaka juzi ulipokuja ulinionyesha kola niliyoishona upande, ukasema, "Mbishi, macho hayo, nenda hospitali." Nikakujibu mbele ya wateja, "Tangu lini umekuwa daktari?" Uliondoka bila kumaliza chai. Neno lile linaniuma hadi leo.

Nilienda, tena kwa siri. Wakakuta presha ya macho, wanaiita glakoma, nikapewa matone ya kila siku. Yalikuwa yakiwasha, na macho yenyewe hayaumi, basi nikawa natia siku tatu tu kabla ya kliniki. Daktari akipima anakuta presha imeshuka, ananisifu. Nikawa nacheka kimoyomoyo, kumbe najicheka mwenyewe.

Jicho la kulia likafa kimyakimya. Hapo nikashika matone kwa adabu, lakini presha ya la kushoto ikagoma. Wakalipasua, ikapanda tena. Mwezi uliopita wakalitibu kwa mawimbi ya sauti: waliliganzisha, wakaliwekea kikombe kidogo, mawimbi yakaunguza kidogo sehemu inayotengeneza maji ya jicho ili yapungue. Dakika chache tu. Nilitega sikio, sikusikia kitu. Wifi yako akasema asiyesikia la mkuu leo anatibiwa kwa sauti! Nikacheka naye, halafu nikalia.

Presha imeshuka, namshukuru Mungu. Kilichopotea hakirudi. Sindano sasa ananitungia wifi yako.

Dada, kubwa ni hili. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Unakumbuka baba alivyokuwa akipapasa mlango, nasi tukisema ni uzee? Daktari aliniambia tangu siku ya kwanza niwaonye ndugu zangu. Nikanyamaza miaka miwili, maana kukuonya wewe ilikuwa kukiri kwamba ulisema kweli. Kapimwe, hata kama unaona vizuri. Mimi pia nilikuwa naona vizuri.

Msalimie sana shemeji, na yule binti yako mwalimu, naye apimwe. Mola awatunzie nuru yenu.

Usinijibu kabla ya kupimwa. Ukishapimwa, niandikie kwa mkono wako, hata kama ni kunitukana. Nataka nikusome mwenyewe, ningali naona.

Mdogo wako akupendaye, tena akuombaye radhi,
Mbishi