Joto la Goti

Ikonge, 4 Machi 2025

Mwanangu Ratemo,

Hujambo huko Kisii? Nakuandikia kwa simu kama kawaida yetu. Mimi ni mzima, na leo hata goti limenyamaza. Yule mtu wa sindano za maumivu, anayezunguka masokoni, alikuja soko letu. Hakunisumbua na maswali kama hospitali, walikotaka nipime sukari kwanza. Alinichoma nyuma ya duka moja, nikarudi nyumbani bila fimbo. Nilimwita na mdogo wangu Celestine, akachomwa begani.

Alhamisi egesangio yetu, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, inalima kwa mama Ondieki. Walishalima kwangu, siwezi kukosa zamu yao.

Mama yako

Kisii, 5 Machi

Mama,

Salamu kwako na kwa mama mdogo Celestine. Sindano ya goti siikatai, daktari akikupima kwanza inasaidia. Lakini huyo alinawa mikono? Alisafisha ngozi? Chupa ya dawa ilikuwa yako peke yako? Goti kunyamaza si kupona. Tafadhali usilime kesho. Leo nimekosea kupima misumari mara mbili, na Kirit mwenye duka ameniuliza kama nimepata mchumba.

Mwanao

Ikonge, 7 Machi

Mwanangu,

Habari za kazi? Nililima. Ningewaambia nini wenzangu? Chupa ilikuwa moja, yangu na ya Celestine. Sasa goti limevimba na lina joto, nami natetemeka, labda ni hii mvua. Yule mtu alisema joto ni dawa inachoma ugonjwa. Nimemwambia Celestine asiogope likimpata.

Mama yako

Kisii, 7 Machi

Mama,

Leo salamu zingoje. Hilo joto si dawa, ni uchafu umeingia kwenye kiungo. Nimemtuma Anyona wa bodaboda akupeleke hospitali ya Nyamira. Panda hivyo hivyo, usianze kumpikia chai.

Mwanao

Nyamira, 10 Machi

Mwanangu,

Nashukuru, sasa naweza kuketi. Walitoa usaha gotini, wakaosha ndani. Daktari amesema ningechelewa kidogo, uchafu ungeingia kwenye damu. Kuna sindano zao pia, lakini wao huuliza kwanza.

Silali kwa ajili ya Celestine. Simu yake haipatikani, nadhani ameiacha kwa kinyozi ichajiwe. Mimi ndiye niliyempeleka kwa yule mtu, na mimi ndiye niliyemwambia joto ni dawa. Ratemo, naogopa. Mwombe Kirit ruhusa, uende sasa hivi.

Mama yako

Ikonge, 10 Machi

Mama,

Unaendeleaje? Nimemkuta mama mdogo shambani na wenzenu wa egesangio. Alikuwa akilima kwa mkono mmoja, sehemu yake na sehemu yako, ili usihesabiwe kuwa umekosa zamu. Nilimgusa bega, lilikuwa moto. Alikataa kuondoka. Akasema, "Mama yako aliniambia ni dawa."

Nikamjibu, "Yeye ndiye amenituma nikuchukue."

Aliweka jembe chini. Wenzake wamesema watamaliza sehemu zenu zote mbili. Tuko njiani kuja huko, ameniegemea. Waambie wauguzi watandike kitanda kilicho karibu na chako.

Mwanao