Mbwa Niliyemsomea Kisukuma

Ilomba, Jumanne

Kumbe ni kiziwi!

Wiki mbili nzima mbwa wangu mpya, Chui, haji nikimwita. Nikajiaminisha kwamba, kwa kuwa nilimtoa kwa wafugaji wa Kisukuma kule Usangu, Kiswahili hakijui. Nikamwomba jirani, Mama Kulwa, anifundishe lugha yao. Kila asubuhi nasimama uani, mtu mzima, napaza sauti: "Nzugu! Nzugu!" yaani njoo.

Leo daktari wa mifugo amegonga sufuria nyuma ya kichwa cha Chui. Sikio halikutikisika.

"Mzee wangu, huyu hasikii lugha yoyote."

Mlinzi kiziwi. Mwizi akija, nitabweka mimi?

Jioni nilimpungia mkono tu, kimya. Akaja mbio. Mama Kulwa akachungulia kwenye michongoma: "Umeona? Kisukuma kimemwingia!"

Nikamshukuru.